Zimwi Lililochoka

Miaka ya hamsini nilifundisha darasa la kwanza katika shule ya nyasi, si mbali na Nyarugusu. Wengi wa watoto walizungumza Kisukuma tu nyumbani, kwa hiyo kipindi cha mwisho nilikifanya cha hadithi, wapate kuzoea Kiswahili. Hivyo ndivyo nilivyomweleza mwalimu mkuu. Ukweli ni kwamba sikuwa na nguvu ya kitu kingine. Nilikuwa na mimba ya pili, maji niliyateka mwenyewe kabla ya kengele, na ikifika saa nane mchana miguu imevimba, viatu havinitoshi.

Siku moja nilikuwa nasimulia habari za zimwi linalomeza watu, kama nilivyosimuliwa utotoni. Nilipolifikisha kijijini, miguu ikagoma, nikaketi.

"Zimwi likaketi," nikasema.

"Kwa nini limeketi?" aliuliza binti mmoja wa mbele.

"Limechoka."

Darasa zima likacheka. Sikuwa nimewahi kuwasikia wakicheka hivyo.

Tangu siku hiyo zimwi halikumeza mtu tena. Lilikuja limepanua kinywa, wanakijiji wakaliambia likapige kwanza matuta ya pamba kama watu wengine. Likapewa jembe lenye mpini uliolegea. Mgongo ukaliuma. Likaomba uji, uji ukaliunguza, likashinda siku tatu ulimi uko nje na kuku wanaudonoa. Nilikuwa natunga huku nasinzia. Uchovu wote niliousema ulikuwa wangu.

Wiki mbili baadaye bibi wa yule binti alikuja darasani amemshika mjukuu wake mkono. Mkono wa pili alishika kibuyu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu." Nilimpa kiti, hakukaa. "Huyu nimemkuta kwenye mashimo."

Yalikuwa mashimo ya dhahabu yaliyoachwa na wachimbaji nyuma ya kilima. Nyasi zilikuwa zimeyafunika, na mengine hukuweza kuona mwisho wake.

"Amekaa ukingoni, miguu inaning'inia ndani," bibi akaendelea. "Ana uji. Namuuliza uji wa nani, ananiambia wa zimwi, limechoka, halijala."

Watoto wawili walianza kucheka, wakauona uso wa bibi, wakaacha.

"Zimwi mle ndani nililiweka mimi kwa maneno, watoto wasisogee, wachimbaji walipohama. Uzio hatuna. Tulikuwa na zimwi. Sasa wewe umelifanya ndugu yao."

"Nisamehe, bibi."

"Sikuja kwa hilo. Lirudishe."

Kesho yake nilijaribu. Nikalipa meno mapya na sauti ya kukwaruza. Watoto walitulia wakisubiri jembe. Nilipochelewa kulitaja, mmoja akanikumbusha.

Basi siku iliyofuata nikampitia bibi, tukawapeleka watoto wote kilimani. Tuliwasimamisha mbali, kisha nikasogea peke yangu na kutupa jiwe kwenye shimo kubwa. Tukangoja. Tulingoja mpaka nikadhani halina mwisho, ndipo tukasikia maji, kidogo tu, huko chini.

"Mle hamna zimwi," nikawaambia. "Ni shimo. Ukianguka, sina kamba ya kukufikia."

Yule binti alianza kulia. "Sasa limekwenda wapi?"

Bibi yake ndiye aliyejibu, bila kumtazama. "Limehama. Limewafuata wachimbaji."

Watoto walirudi wamefuatana mstari mmoja. Nilibaki nyuma kwa sababu ya pumzi, na bibi akanishika kiwiko.

"Na tumbo hilo unapanda kilima," akasema. "Walimu nyie."

Hakuna mtoto aliyekwenda tena mashimoni, kwa kadiri nilivyojua. Muhula uliobaki, kipindi cha mwisho tulihesabu vijiti. Ikifika saa nane walikuwa wakinitazama, nami nageukia ubao na kuandika hesabu nyingine.