Marimba ya Baba Mkwe Haikuuzwa

Marimba ya baba mkwe haikuuzwa. Naanza na hilo kwa sababu habari ya kuuzwa ndiyo iliyosemwa sokoni, kwenye foleni ya maji na, nasikitika kuandika, hata mlangoni mwa nyumba ya ibada. Haikuuzwa kwa mgeni yeyote, haikubadilishwa na ya bandia, wala wifi yangu hakupokea bahasha ya mtu. Ipo palepale ilipokuwa, chumba cha pili mkono wa kulia. Asiyeamini na aje aipige. Tunafungua saa tatu asubuhi.

Wifi yangu ni dada mdogo wa marehemu mume wangu. Ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Mama Sindano, maana hata msibani utamkuta na sindano yenye uzi kwenye ukosi wa gauni. Shule aliiacha darasa la nne. Mimi nilifundisha miaka thelathini na mmoja, nikamaliza nikiwa mkuu wa shule, na nakiri kwamba kwa muda mrefu nilimwona kuwa mtu wa kuelekezwa. Naye hakuniacha hivihivi. "Wifi," alikuwa akiniambia, "wewe hata chai unaisahihisha kwa kalamu nyekundu."

Mume wangu alikuwa mwalimu wa muziki. Likizo zake zote alizimalizia kwenye nyumba za watu, akiomba ala za zamani zilizotupwa darini: ngoma, zeze, filimbi, njuga. Alipofariki zilikuwa ishirini na tatu, zimejaza vyumba vitatu vya uani ambavyo zamani tulipangisha. Watu walisubiri waone nitazitoa lini nirudishe wapangaji. Sikuzitoa. Lakini aliyezifanya ziishi si mimi, ni Mama Sindano. Alihamishia cherehani yake chumba cha kwanza, akawa anashona sare huku anapokea wageni. Wanafunzi wakiingia, anatoa mguu kwenye pedeli, anajifuta vipande vya nyuzi, anawaambia, "Msisimame kama mnapiga picha ya kitambulisho. Shikeni, pigeni." Ufunguo aliuvaa shingoni. Kila Jumatatu alipiga ala zote, moja baada ya nyingine. Alisema anazijulia hali.

Marimba ndiyo ilikuwa roho yake. Baba yao aliichonga kwa mkono, vibao kumi na vinane, na yeye akiwa binti mdogo ndiye aliyekaa mbele yake akisikiliza kila kibao kikipunguzwa: "Bado, baba. Bado. Hapo, acha!" Ukutani juu yake mume wangu alibandika kipande cha boksi chenye mwandiko wake: *Vibao visipakwe kitu.*

Mwaka wa tatu baada ya msiba paa lilianza kuvuja. Niliandika barua kwa mfuko mmoja unaosaidia mambo ya urithi wa utamaduni, nikaandika tena, na tena. Barua ya nne ikajibiwa: afisa wao angekuja kuona. Tukipita, wangeezeka upya na kutujengea chumba cha nne. Tusipopita, mvua zingekuja na ngozi za ngoma zingeoza.

Siku tano kabla ya ugeni huo, binti wa wifi akajifungua mji mwingine, naye wifi ikabidi aende kumtunza. Wifi alinivika ufunguo shingoni. "Fagia tu, wifi. Usisahihishe kitu."

Nilifagia. Kisha nikaitazama marimba, imefubaa, ina rangi ya moshi, nikaona aibu. Nyumba ya mwalimu haipokei mgeni ikiwa hivyo. Nilinunua vanishi nikaipaka mara tatu, kila kibao juu na chini, bila kuacha mahali. Lile boksi lilikuwa limeliwa na mende pembeni, nikalibandua nikalitia kwenye droo. Maandishi niliyasoma. Nilijiambia yalihusu watoto na rangi zao za maji.

Wifi alirudi asubuhi ileile ya ugeni, akaingia moja kwa moja kumkuta afisa amesimama mbele ya marimba, majirani wamejaa mlangoni. Afisa alikuwa mpole. Kwenye simu yake alikuwa na rekodi ambayo mume wangu aliwahi kuwatumia, akaifungua kwanza: sauti ilitoka pana, inatetema, inachelewa kuondoka. Kisha akamwomba wifi apige.

Ko. Ko. Ko. Kama mtu anayebisha hodi huku amefunga mkono kitambaa.

"Mama, samahani," afisa akasema. "Hii ni mpya?"

Muuza mkaa akadakia kutoka mlangoni: "Mpya, si inang'aa! Ya zamani imeshapanda ndege hiyo!"

"Na ufunguo anao nani?" mwingine akauliza, na macho yote yakaenda kwenye shingo ya wifi. Ufunguo ulikuwa shingoni kwangu, chini ya kitenge. Hakuna aliyeuona.

Wifi alikwaruza kibao kwa ukucha, akaunusa ukucha. Akatazama ukuta palipokuwa na boksi. Akanitazama vidole. Nilikuwa na vanishi kwenye kucha mbili. Akamgeukia afisa.

"Ni yenyewe, baba. Inaumwa. Nipe wiki mbili uje tena."

Nami, mwenye diploma, niliyezoea kusimama mbele ya wanafunzi mia sita, sikufungua kinywa.

Wiki mbili zile jina lake liliburutwa kila mahali. Wateja watatu walikuja kuchukua vitambaa vyao kabla havijashonwa. Yeye alikaa uani na kipande cha kioo, anakwangua vibao, kimoja kwa siku, siku nyingine viwili, anagonga, anasikiliza, anakwangua tena. Muuza mkaa alikuja kumcheka, akakaa. "Mama Sindano, unaitahiri?" "Naivua sweta. Aliyeivisha aliiona ina baridi." Hakusema zaidi ya hapo. Kesho yake muuza mkaa alikuja na zeze la babu yake, limekatika nyuzi, akauliza kama nalo linatibika. Waliofuata walileta ngoma mbili na filimbi. Ala ambazo mume wangu alinyimwa kwa miaka zilishuka zenyewe kutoka darini, kwa sababu watu waliona kwa macho yao kwamba hapa zinaponywa.

Siku afisa aliporudi, uani palikuwa pamejaa. Nilisimama kabla wifi hajashika vijiti. Nilivua ufunguo mbele ya watu wote. "Aliyekuwa na ufunguo ni mimi," nikasema. "Niliipaka vanishi kwa mkono wangu, na maandishi ya mume wangu niliyabandua mimi. Wifi yangu alijua tangu siku ile, akanisitiri. Mkitaka jina la kusema, semeni langu."

Muuza mkaa akakohoa: "Basi, Mama Mwalimu, leo umejisahihisha mwenyewe." Watu wakacheka, nami nilicheka.

Wifi akapiga. Kibao cha kumi na tatu bado kina uzito kidogo, na hakitapona. Vanishi ilizama kwenye ufa. Vingine vyote viliimba. Afisa hakuifungua rekodi yake tena. Aliuliza swali moja tu: hicho chumba cha nne, kwa nini tusikifanye karakana?

Ndivyo kilivyo leo. Ala ni arobaini na moja, paa halivuji, na Mama Sindano anafundisha watu wazima wanane kuchonga na kusikiliza. Boksi limerudi ukutani, pembe zake zilizoliwa na mende zikiwa vilevile.

Watu huniuliza wifi aliniambia nini jioni ile, tulipobaki wawili tukifunga madirisha. Aliniambia maneno machache. Ni yangu na yake. Sisemi.