Feni ya Mama Mkwe

Kwetu Bungoma mwanamume haingii jikoni kwa mama mkwe wake. Hamshiki mkono, hamtazami usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia ndani ya mahindi mpaka mwenzake apite. Mimi nilikuwa mwalimu wa elektroniki katika chuo kimoja Kitale, miaka ya tisini, na desturi hiyo niliiheshimu huku nikiitukana kimoyomoyo.

Mama mkwe alilelea vifaranga jikoni kwa joto la jiko la makaa. Moshi wa makaa unaua bila hata harufu, na mimi niliogopa sana. Nikamtengenezea feni ya kuutoa nje, ya kutumia betri ya gari, izunguke polepole ili vifaranga wasipate baridi. Mwendo huo uliamuliwa na chipu ndogo. Ndani yake mna kihesabio: kinahesabu kutoka sufuri hadi kikomo, kinaanza tena, na katika kila mzunguko umeme unapita kidogo kisha unakatwa. Mke wangu alikuwa anakaa na mama yake kwa muda kwa sababu miguu ya mama ilikuwa mibovu, kwa hiyo ndiye aliyeifunga, mimi nikimpigia kelele kutoka uani.

Ilifanya kazi, ila ilipiga mluzi. Umeme ulikatwa kwa kasi ambayo sikio bado linaisikia. Mimi niliupenda mluzi huo. Nikifika langoni nausikia, najua mama yuko salama.

"Mama amekataa," mke wangu akaniambia. "Ati mluzi ndani ya nyumba unaita nyoka. Si uinyamazishe, bana?"

"Nyoka gani huyo anayependa feni?" Niliwaka kweli.

Lakini nyumba si yangu, ningesema nini? Nikapunguza kikomo cha kihesabio, umeme ukakatwa kwa kasi inayopita uwezo wa sikio. Kimya. Mama mkwe akafurahi, akasema sasa imepona. Mimi sikufurahi. Transista, ile swichi ndogo ya kukata umeme, ikifunguliwa na kufungwa haraka hivyo huchemka, na hiyo ilikuwa ndani ya kopo la feni kule jikoni, nisiloweza kuligusa. Nikamsihi mke wangu awe analigusa yeye.

"Ni moto kidogo tu," alisema.

Kidogo gani? Moto wa chai au moto wa pasi? Nikamfokea bure.

Nikachonga kipande cha bati cha kuipoza transista, nikashuka nacho Jumamosi kukiwa na manyunyu na baridi kali. Mke wangu alikuwa ameenda soko la Misikhu. Nikasimama uani, nikapiga hodi. Mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa.

"Mama!"

Hakuna jibu. Nikatega sikio, na feni haikuweza kuniambia lolote. Kisha nikagundua kwamba hata vifaranga hawalii. Jamani, vifaranga wote wale, hata mmoja!

Nikaupiga mlango teke. Mama alikuwa amelala kando ya jiko, feni imesimama, kopo lake likinuka kuungua. Nikamkokota hadi nje, nikiita mama, mama.

Akakohoa. Akafungua macho, akaona ni mimi niliyemshika. Akavuta leso, akajifunika uso.

"Mkwe, ondoka," akasema kwa sauti hafifu. "Heri ungeniacha."

Sikuondoka. Nilimgeuzia mgongo tu, nikaendelea kuushika mkono wake, nikalia.