Majina Aliyonipa Mama Mkwe

Kompyuta yetu ilikuwa mtumba wa ofisi. Kiwanda cha chai nilikokuwa mpiga chapa kilileta mashine mpya, zile kuukuu zikauzwa kwa wafanyakazi, na mume wangu akabeba moja hadi nyumbani kwetu karibu na Kiptere, ameifunika blanketi kama mgonjwa. Mama mkwe alicheka sana siku hiyo. Baadaye ni yeye aliyeipa kazi ya maana kutushinda sote.

Mimi ni mtu wa ziwani, nimeolewa kwa Wakipsigis. Kwao mtoto akizaliwa, wanawake humwitia majina ya wafu wa ukoo, moja baada ya jingine, mpaka apige chafya. Jina alilolipigia chafya ndilo lake. Mwenye jina amerudi. Kwenda kanisani hakujawaachisha. Wifi zangu walijua majina ya babu na bibi tu. Mengine yote yalikuwa kichwani mwa mama mkwe, na alikuwa ameanza kusahau hata alipoweka kikombe chake. Mimba yangu ya kwanza ilipofika miezi saba alivuta kiti kando ya mashine akaniamuru niandike.

Alitaja kwa wiki nzima. Niliandika kwenye karatasi, kisha nikachapa. Tulipomaliza akasema, "Sasa gawanya mara mbili. Hawa ni wa kuita. Hawa ingine, hapana. Huyu alijinyonga, huyu aliua ndugu yake, huyu alipigwa na radi. Usiite hao karibu na mtoto, hata kwa mchezo."

Nikagawanya, nikahifadhi, nikaifuta ile orodha ya kwanza. Zile karatasi niliwashia jiko. Ya nini kuweka takataka, na mashine tunayo? Majina yenyewe yalikuwa mageni mdomoni mwangu, wala sikujisumbua kuyakariri. Huo ulikuwa uvivu wangu na simsingizii mtu.

Mwezi uliofuata mama mkwe alipatwa na kiharusi, akapoteza kauli. Nami, mimba ikiwa na miezi minane na nimechoka kukaa, nikaleta disketi ya ofisini yenye mchezo wa karata. Nilicheza siku tatu. Siku ya nne mashine ilionyesha kioo cheusi na mstari mmoja wa Kiingereza, basi. Niliizima na kuiwasha mpaka kidole kikauma.

Nilimwambia mume wangu ni waya imeungua, nikaipeleka Kericho mjini kwa fundi aliyekuwa akitengeneza taipureta.

"Madam, uliweka diski ya nje?"

"Ya ofisi."

"Hiyo ndiyo ilileta virusi. Imekula kila kitu. Hapa ni kufuta yote tuanze upya."

Nilimshika mkono wa shati nikalia mbele ya wateja wake, tumbo limetangulia. Nilimwambia akifuta hata herufi moja nitalala hapo mlangoni. Sikuwa na haya tena. Alikaa na mashine siku tano. Kila jioni nilipitia kwake kutoka kazini, kila jioni akatikisa kichwa, nami nikarudi nyumbani kumlisha mama mkwe uji kwa kijiko huku nikishindwa kumtazama usoni.

Siku ya sita alinipa karatasi. Majina arobaini na moja, yote. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Kisha nikatazama vizuri, nikaona ni orodha moja tu, imeshuka kutoka juu hadi chini.

"Iko wapi ile ya sehemu mbili?"

"Hiyo imeenda kabisa, madam. Hii ni ile ya kwanza, ile ulikuwa umefuta."

Wale wa kuitwa na wale wasioitwa walikuwa wamekaa bega kwa bega. Nilikumbuka wanne tu wa kuitwa, kwa kuwa mama mkwe alicheka aliponisimulia habari zao: yule aliyetembea hadi Mulot kufuata ng'ombe mmoja, yule aliyepiga kelele akiona chura, na wengine wawili. Niliketi kando ya kitanda chake, nikamsomea yote polepole, nikamwomba afumbe macho kwa wale wabaya. Alilia kwa kila jina. Nilisoma tena kesho yake. Akalia vilevile, mimi naye.

Mtoto alizaliwa, mvulana. Wifi zangu na majirani wakajaa chumbani, mkubwa wao akampakata, nami nikawa nawatajia kutoka kwenye karatasi. Waliita yale manne. Wakarudia. Mtoto alitutazama tu.

"Lete lingine," wifi akasema. "Si Mama alikuandikia mengi?"

Ningeweza kusema ukweli hapo. Nilitazama nyuso zile, nikaona jinsi watakavyonitazama maisha yote, mgeni aliyepewa wafu wao akawapoteza kwa karata. Kidole changu kikashuka kwenye orodha. Nilichagua jina lililokuwa rahisi kutamka.

Mtoto akapiga chafya hata hawajalimaliza. Vigelegele vilifika barabarani.

Mume wangu aliruhusiwa kuingia baadaye, macho yamemjaa machozi. "Huyo alikuwa mtu wa aina gani?"

"Mtu mzuri," nikasema. "Mama alimsifu sana."

Akatoka mbio kwenda kumwambia mama yake. Mtoto akaanza kulia kwa njaa, nami nikabaki namtazama, naogopa kumpa ziwa.