Vidonge vya Walio Njiani

Wiki iliyopita nilikaa mbele ya nesi wa kliniki ya wasafiri, hapa Kensington, Australia, karibu na chuo ninachosoma. Akawa ananisomea maswali kutoka kwenye kompyuta yake. Unakwenda nchi gani? Burundi. Kwa sababu gani? Likizo, nikasema, maana sikujua niseme nini kingine. Umewahi kutumia dawa ya kuzuia malaria? Ndiyo, nilipokuwa na miaka kumi na minne, kila asubuhi, karibu miezi miwili. Akauliza wakati huo nilikwenda wapi. Nikamwambia sikwenda popote, nilikuwa nyumbani Campbelltown, hapahapa Australia. Nesi akacheka sana, akidhani namtania, kwa sababu mbu wa Campbelltown hawana malaria, wana makelele tu. Nami nikacheka, adabu ni adabu. Nilipotoka na karatasi yangu ya dawa nilikaa kituoni, mabasi matatu yakapita na sikupanda hata moja.

Basi kaa hapa, mwenzangu, nikueleze, maana nesi alikuwa na foleni na mimi sikuwa na Kiingereza cha kumwelezea.

Tulikuwa watatu katika ile nyumba ya serikali: mama, mimi na mdogo wangu wa kiume mwenye miaka tisa. Mama alikuwa akihudumia wazee kwenye nyumba ya wazee. Anaamka giza, anapanda treni, anarudi miguu imevimba anailoweka kwenye beseni la maji ya chumvi. Kila mwaka wenzake kazini walikuwa wakienda likizo. Huyu kaenda kisiwani, yule kaenda kuota jua, wanarudi na picha na ngozi nyekundu kama nyanya. Mama alikuwa akizitazama zile picha na kusifu. Halafu mwaka mmoja akarudi nyumbani, hakuvua hata koti, akatutangazia kwamba na sisi tunakwenda holidei. Alilitamka hivyo hivyo, holidei, taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu kipya dukani. Tunakwenda Rumonge kwa Bibi, wiki nne, tunakwenda na tunarudi.

Hilo la kurudi ndilo lililomfurahisha. Alinionyesha tiketi na kidole kikatua pale penye tarehe ya kurudi. Tangu azaliwe, akasema, hajawahi kusafiri akijua siku atakayorudi. Safari yake ya kwanza alikuwa mgongoni kwa Bibi, wakitembea kwa siku nyingi kutoka Burundi kuingia Tanzania. Ya pili ilikuwa kutoka kambi ya wakimbizi kuja Australia, na Bibi hakuwa kwenye ile orodha yetu ya waliokubaliwa. Kambi ilipofungwa Bibi akarudi kwao Rumonge, kando ya ziwa, akakaa huko na macho yake yenye mtoto wa jicho akitungoja.

Sanduku lilifunguliwa sebuleni miezi mitano kabla ya safari, likakaa hapo wazi, ikawa ukitaka kuwasha televisheni unaliruka. Mama alilijaza kidogo kidogo, mshahara kwa mshahara. Ndala laini za Bibi. Sabuni zenye harufu ya waridi. Majani ya chai, eti ya huko si kitu, na huko ndiko chai inakolimwa! Sweta nene la sufu, la rangi ya damu ya mzee. Nikamwambia mama kwamba Rumonge ni joto, mwalimu alituonyesha kwenye ramani, akanijibu kwamba mwalimu wangu hajawahi kuamka alfajiri kando ya ziwa. Jumapili baada ya kanisa alikuwa akipanda mzani wa bafuni amelikumbatia lile sanduku, mdogo wangu amelala kifudifudi sakafuni kumsomea kilo, maana mwenyewe tumbo na sanduku vilimzuia kuona. Kisha anapanda tena bila sanduku, anatoa hesabu, anaguna. Mwili wake na mzigo wa Bibi vilizidi kila wiki.

Jirani yetu, mama mmoja wa Kongo, alileta viatu vya dada yake aliye Uvira. Mama akamweleza kwamba sisi tunakwenda Burundi, siyo Kongo. Jirani akasema, "Eh, mama, iko karibu tu, unavuka mpaka unafika," akaviweka viatu juu ya sweta mwenyewe, akatoa na aksanti kabla hajakubaliwa. Wengine wakafuata na bahasha zao na dawa zao za mgongo. Mama alilalamika sana, lakini usoni alikuwa anang'aa. Hata mimi, mwenye kununa, niliipenda ile nyumba ilivyonukia waridi.

Maana nilikuwa nimenuna kweli. Wiki hizohizo za safari shuleni kulikuwa na kambi ya siku tano ufukweni, rafiki zangu wote wamejiandikisha, nami nitakuwa Rumonge nikichutama chooni na kufukuza mbu. Halafu ile lugha! Kiswahili nilikuwa nakisikia chote, lakini kukisema nilikuwa sitaki. Mama akiniita kwa Kiswahili mimi naitika kwa Kiingereza. Ndiyo maana alianzisha mazoezi. Baada ya chakula cha jioni anakaa kwenye kochi, anajifunga kitenge kichwani, anafumba macho kama Bibi, na sisi tunaingia mlangoni mmoja mmoja kuamkia. Mdogo wangu alikuwa akisema shikamoo na kujijibu mwenyewe marahaba, palepale, kwa haraka amalize. Mama alikuwa akicheka mpaka kitenge kinaanguka. Mimi nilikuwa naingia, nasema shikamoo kwa ubaridi, natoka. Alikuwa akinirudisha. "Bibi yako haoni. Uso wako ni sauti yako, mwanangu."

Jumamosi jioni ilikuwa siku ya simu. Huko kwao ni asubuhi, na nyuma ya sauti ya Bibi unasikia jogoo na mtu akichota maji. Bibi alikuwa na neno lake moja: mgeni njoo, mwenyeji apone. Alilisema kila Jumamosi, akaliongezea la kwake, "Njooni basi nipone." Jumamosi moja, safari imebaki wiki tatu, mama alinipa simu akaenda jikoni kugeuza sombe, ile mboga ya majani ya muhogo. Siku hiyo ndiyo walikuwa wamefunga orodha ya kambi ya shule. Bibi akanisemesha, mjukuu wangu, nakusikia unapumua, sema neno. Nami nikasema kwa Kiingereza, taratibu na kwa sauti ya upole kabisa ili nisishtukiwe, kwamba sitaki kuja, na naomba safari hii ife.

Bibi hakujua Kiingereza hata neno moja. Alisikia upole tu. Akaitikia kwa furaha, kwa sauti kubwa, "Amina, mjukuu wangu! Amina!"

Sijui kama mama alisikia kule jikoni. Mpaka leo sijui, na sijathubutu kumuuliza.

Siku mbili kabla ya kuondoka tukaanza vidonge vya malaria, tulivyopewa vya kutosha mpaka mwezi mmoja baada ya kurudi. Mama alivipanga mezani kando ya uji, kimoja kimoja, vya manjano, akasimama mpaka tumemeza, na kulala baada ya kumeza ilikuwa marufuku maana vinachoma kifua. Kesho yake, televisheni ikatangaza kwamba kwa sababu ya ule ugonjwa uliokuwa unaizunguka dunia, mipaka imefungwa. Hakuna kuingia, na wananchi hakuna kutoka. Mama alikaa kwenye mkono wa kochi na remoti mkononi. Akasema ni wiki mbili tu hizo, watafungua. Sanduku hakuligusa. Mimi nilikwenda chumbani nikajifunika shuka gubigubi. Nilikuwa nimeomba, na Bibi mwenyewe ameitikia amina. Kwa akili yangu ya miaka kumi na minne, ombi lililopigwa muhuri na mwenye kuombewa halirudi.

Jumamosi iliyofuata Bibi akapokea simu kwa swali ambalo hatukulitarajia. "Mmefika wapi?"

Alijua tarehe ya kuondoka, na tarehe imepita. Kwa Bibi safari ni miguu. Ni kulala porini, kungoja mto upungue, kuomba maji kwa watu, na mtu aliyeondoka huchukua siku zake. Mama alijaribu kueleza mipaka, ndege, ugonjwa. Bibi akasikiliza yote, kisha akauliza tena, kwa huruma, mmefika wapi, watoto hawajachoka? Mama akanitazama mimi, akamtazama mdogo wangu, akasema, "Tuko njiani, mama."

Kesho yake asubuhi vidonge vilikuwa mezani tena. Nikasema hatuendi popote, hivi vya nini. Mama akanijibu, "Dawa hii ni ya mtu aliye safarini. Nimemwambia mama yangu tuko njiani, mkiacha kumeza nitakuwa nimemdanganya." Basi tukameza. Waswahili wanasema kumpa mtu vidonge vyake ni kumweleza ukweli wake bila kuficha. Mimi vyangu nilipewa kila asubuhi na glasi ya maji, na aliyenipa sijui kama alijua ananipa nini.

Baridi ikaingia. Majani ya uani yakawa meupe kwa umande ulioganda, mbu wa mwisho akafa, nasi tukaendelea kumeza dawa ya malaria. Shule ikahamia kwenye kompyuta. Kambi ya ufukweni nayo ikafutwa, hata hiyo sikuipata. Mama aliendelea na zamu. Alirudi na mikwaruzo ya barakoa mashavuni, anavua nguo mlangoni, anaoga kabla hajatugusa. Wazee wengine kule kazini walikuwa wakikata roho bila mtoto hata mmoja kuruhusiwa kuingia, na mama ndiye aliyewashika mkono. Siku moja, akichambua mchele, alisema bila kuinua kichwa, "Nafumba macho ya mama za watu." Akaendelea kuchambua. Nilitaka kumkumbatia, nikaogopa kwamba nikimgusa nitasema lile neno nililomwambia Bibi.

Na kila Jumamosi, mmefika wapi. Mama akawa anamtajia. Tumevuka bahari, mama. Tumefika mjini, tunapumzika. Mtoto mdogo miguu inamuuma lakini anajikaza. Sauti ya Bibi ilikuwa inapungua wiki hata wiki, inakatika katikati kukohoa, lakini akisikia tumesogea ilikuwa inachangamka, naye anatuombea barabara nyeupe, isiyo na kizuizi. 

Kisha ikaja asubuhi moja, uji mezani, sukari, vijiko, na hapakuwa na vidonge. Nikatazama chini ya kitambaa cha meza. Nikafungua kabati, na kasha lilikuwepo, na ndani vilikuwa vimebaki vya siku kadhaa. Mama alikuwa amesimama mbele ya sinki, mgongo kwetu, maji yanatiririka na hakuna chombo anachokiosha. Nikamuuliza kwa Kiingereza viko wapi. Hakugeuka. Akasema, "Hatuko njiani tena."

Mdogo wangu akashangilia, maskini, maana vilikuwa vinamchoma kifua. Mimi nilimziba mdomo kwa mkono.

Sanduku lilikaa vilevile mpaka mwaka mwingine. Jirani alikuja kuchukua viatu vyake kimyakimya. Mipaka ilipofunguliwa watu wakamuuliza mama kama sasa atakwenda, akawajibu kwa swali: kwa nani? Sweta analivaa yeye, kwenye treni ya alfajiri. Ile nyumba ya serikali tumekwisha kuihama, wanakaa watu wengine, na kochi alilofumbia macho tulilitoa nje likachukuliwa na gari la taka. Jumamosi jioni mama hugeuza sombe na simu imelala. Neno holidei sijamsikia tena akilitamka.

Kiswahili ndicho nilichobaki nacho. Nilikianza siku Bibi alipozikwa huko bila sisi, kwa ukaidi, nikijisemea mwenyewe bafuni. Wenzangu hapa chuoni hunisifu, eti unaongea kama mtu wa huko. Naitika asante. Nimekata tiketi ya kwenda na kurudi, nitaondoka mitihani ikiisha, na kesho asubuhi naanza vidonge. Jioni hii mama amepiga simu kuniuliza kama nimekula kabla ya kufunga mzigo. Kisha akasema huko alfajiri kuna baridi, atanipa sweta.

Nitafika Rumonge, nitaonyeshwa lilipo kaburi, nitapiga magoti na kuamkia kwa sauti kama nilivyofunzwa, maana uso wangu ni sauti yangu. Kisha nitamwambia kwa lugha yake kile nilichomwambia siku ile kwa simu. Safari hii angeelewa kila neno, na hakuna wa kuitikia amina.