Uso Uliopunguzwa

Kila picha iliyojaza kompyuta yake, Fundi Picha aliipunguza uzito, kisha akahifadhi ile nyepesi juu ya ile nzito, nzito ikafutika. Kwenye simu hakuna aliyeona tofauti. "Zangu zinakonda mwili, sura hazikondi," alijitapa.

Leo shangazi yake amekuja kutaka picha ya bintiye marehemu, kubwa ya ukutani. Hana nyingine. Fundi akaikuza, uso ukavunjika vipande vya mraba, macho yakawa madoa.

"Fungua ile ya kwanza, mwanangu."

"Haipo, shangazi. Niliipunguza uzito, nikaifunika na hii."

"Basi ipunguze tena, labda atarudi."

"Hivyo ndivyo alivyopotea."

Shangazi akasogeza uso hadi kwenye kioo cha kompyuta, akawa anamtafuta mwanawe katika yale madoa. Mungu ampe subira, maana Fundi hakuwa na la kumpa.