Kilele Kwenye Maji ya Maisaka

Niliporudi nyumbani Maisaka kufanya utafiti wa shahada yangu, kuku wa mama walikuwa wameanza kufa. Walikufa kimya, mmoja leo, wawili baada ya siku tatu. Mama aliwafukia nyuma ya choo na hakusema kitu mpaka aliponikuta nafungua mashine yangu mezani.

"Hicho kidude chako kinaweza kupima maji ya kisima?"

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Ndani ya lile boksi kulikuwa na mrija wa kioo mwembamba kama unywele. Unaujaza maji ya chumvi, unaingiza tone la sampuli, unapitisha umeme mkali, na kila kilichomo kinakimbia kwa mwendo wake hadi kwenye jicho la mashine. Kinapopita, mstari kwenye kompyuta unapanda na kufanya kilele. Darasani tunaita elektroforesi ya kapilari. Ubaya wake, tone lenyewe ni dogo mno, na kitu kikiwa kichache mashine haikioni.

Nilipima maji yetu mara tatu. Mstari ulilala tu.

"Ni safi," nilimwambia mama. Akabandika chai, na majirani wakaendelea kuchota.

Kuku nao wakaendelea kufa.

Wiki iliyofuata nilijaribu mbinu ambayo hasa ndiyo ilikuwa utafiti wangu, ya kuikusanya sampuli humo humo ndani ya mrija. Unaanza kwa kuyapunguza chumvi maji unayoyapima, kisha unaingiza mengi kuliko kawaida. Humo umeme unazisukuma chembe kwa kasi. Zikigota kwenye maji ya chumvi mwendo unapungua ghafla, za nyuma zinazifikia za mbele, zote zinabanana mahali pamoja. Kilichokuwa kimetawanyika kinakuwa kundi, na kundi linaonekana.

Kilele kilitokea dakika ya sita. Nilipima maji ya maabara kwa njia ileile, hakikutokea. Nikaongeza kwenye sampuli yetu dawa kidogo ya kuulia magugu inayotumika mashambani kwetu, kilele kilekile kikarefuka. Nilikaa pale na mikono mapajani. Jikoni, mama alikuwa anajaza birika.

"Baba yako mdogo huwa anasuuzia bomba lake la kupulizia dawa pale kisimani," alisema nilipomweleza. Alisema kama mtu aliyeliwaza jambo hilo siku nyingi.

Baba mdogo alikuwa na shamba la mahindi nyuma ya nyumba yetu. Nilimkuta anapalilia, nikamwamkia, akaitikia bila kuinuka. Nilipomaliza maelezo yangu aliinuka, akaegemea jembe.

"Wiki iliyopita ulisema maji safi. Leo yana sumu. Nani kaileta, mimi au mashine yako?"

"Ilikuwepo, baba mdogo. Nilikuwa siioni."

Alirudi kupalilia. Lakini kesho yake alilipeleka bomba mbali na kisima, na hakulisuuzia pale tena. Mama naye akaanza kununua maji kwa ndoo. Niliendelea kupima kila juma nikitegemea kilele kitapungua.

Mvua zilinyesha. Kilele kikawa kirefu zaidi.

Nilimwonyesha baba mdogo kwenye kompyuta. Safari hii hakubisha. Alitazama upande wa mlimani, kwenye mashamba yanayopanda moja juu ya jingine, akasema, "Basi siyo mimi peke yangu." Akachukua koti, tukaondoka na chupa zangu za sampuli.

Tulipita visima vinne siku ile. Kwenye cha juu kabisa tulikuta mama mmoja mjamzito akichota. Tulisalimiana, akatuona tumechoka, akanipa maji kwenye kikombe cha bati. Baba mdogo alinitazama. Ningeweza kusema sina kiu. Yule mama alikuwa anasubiri kikombe chake, anatabasamu, nami nikaona aibu. Nikanywa. Yalikuwa baridi na matamu.

Jioni nilipima chupa zote. Kadiri kisima kilivyokuwa juu, ndivyo kilele kilivyorefuka. Chupa ya kisima cha juu kabisa haikuhitaji hata mbinu yangu; kilele kilionekana kwa tone la kawaida.

Asubuhi nilirudi kwa yule mama, peke yangu, nikamwambia asiyanywe. Alisikiliza ameshika kiuno.

"Jana ulipokunywa ulikuwa hujui?"

"Nilikuwa nahisi."

"Ukanyamaza."

"Ndiyo."

Aliingia ndani akafunga mlango.

Matokeo niliyapeleka ofisi ya kata, na watu wakaja kuchukua sampuli zao. Majibu yao yalisema hakuna kilichoonekana. Niliposoma ile karatasi nilijua walichofanya: walipima maji baada ya kiangazi kuingia, mvua hazisombi tena dawa kutoka mashambani, na kwa tone la kawaida. Kisima cha nyumbani tulikifunika kwa mabati na mawe. Kile cha juu bado kinatumika. Nimepita njia ile mara mbili, na mara zote nimekuta ndoo zimepangwa foleni.