Kiboko Haulizwi Kwao

Wenzangu wakikumbuka utoto wao hukumbuka harufu ya asumini na vitumbua. Mimi hukumbuka mavi ya kiboko. Sisemi kwa kulalamika. Ndiyo harufu iliyoniamsha asubuhi za masika, nzito, mbichi, yenye majani ndani yake, ikipanda kutoka majaruba ya mpunga mpaka upenuni kwetu, nje kidogo ya Baleni, kisiwani Mafia. Kiboko wetu alikuwa mkubwa kuliko ofisi ya kata, na anayebisha na aje anionyeshe alimpima lini. Usiku alitoka bwawani akapita katikati ya mpunga kama mgeni rasmi anayekagua gwaride, na kulipokucha ungeiona njia yake imenyooka, mpunga umelala huku na huku, na Babu amesimama katikati, jembe begani, anamtukana kwa Kirufiji. Alisema kiboko yule Kiswahili hakijui vizuri. Akishamaliza matusi yote alicheka, akamwambia yeyote aliye karibu, hata kama ni mimi peke yangu na kuku: "Huyu ndugu yangu. Katoka Rufiji kama mimi, kavuka bahari kama mimi, tena bila nauli. Umesikia mtu akimuuliza kwao wapi?"

Swali la kwao wapi lilimkera Babu kuliko kiboko mwenyewe. Jina lake Mkumba, na alikuja Mafia akiwa kijana aliyeoa juzi, baada ya mafuriko ya Rufiji kumchukulia shamba mara moja zaidi ya alivyoweza kuvumilia. Alipanda jahazi kwa mara ya kwanza na ya mwisho katika maisha yake. Kwa masimulizi yake alitapika tangu deltani hadi Kilindoni, akatapika mpaka samaki wa Mafia wakanenepa, na alipokanyaga mchanga aliapa kwamba bahari haitamwona tena mgongoni mwake. Kiapo hicho alikitunza. Watu walipomwambia, "Mzee Mkumba, si urudi kwenu," alijibu, "Nirudi na nini? Nitengenezeeni daraja." Hapo mazungumzo yaliishia.

Shamba letu lilikuwa pori la mzee mmoja mwenyeji, mwenye ardhi kubwa na nguvu kidogo. Alimwonyesha Babu kwa mkono: kuanzia mkwaju ule mpaka bondeni, lima. Nguruwe na ngedere walikuwa humo wamejaa, wakiishi kwa raha kama watu waliostaafu. Babu na Bibi walifyeka mpaka mikono ikawa na sugu ngumu kama magome. Lakini ruhusa ile ilikuwa na sharti lake, na kila mtu wa pwani analijua: mgeni hulima vya msimu. Apande muhogo, kunde, mpunga, vitu vya kung'oa na kwenda zake. Mti wa kudumu hapandi, kwa sababu mwenye mti ana haki, na mnazi ukishasimama hauondoki, na mtu haubebi. Babu aliitikia. Bibi hakusema kitu, na Bibi, ambaye ulimi wake ungeweza kukuna nazi bila mbuzi, alikuwa akinyamaza ujue ameshaamua.

Alipojifungua mtoto wao wa kwanza, ambaye ndiye baba yangu, Bibi alichimba shimo kando ya nyumba, akazika kitovu, na juu yake akapanda mche wa mnazi. Yule mzee mwenye ardhi alipita akauona, akauliza, "Mama, nini hiki?" Bibi akamjibu, "Kitovu cha mwanangu. Ukitaka, king'oe." Nani angeng'oa kitovu cha mtoto wa watu? Inasemekana mzee yule alicheka mpaka kofia ikamwanguka, akaiokota, akaenda zake, na hakuliulizia tena jambo hilo mpaka anakufa. Tangu siku ile kila aliyezaliwa kwetu alipata mnazi wake. Wangu ulikuwa karibu na mlango wa jikoni. Nilijifunza kuukwea kabla sijajua kusuka nywele, na mama yangu alipokuwa akilia kwamba hatapatikana mwanamume wa kuoa msichana mwenye magoti kama ya mkwezi, Bibi alisema, "Atakayemtaka atamkuta juu."

Nilikuwa nimeshaanza shule wakati hifadhi ya bahari ilipokuja na sheria zake. Sisi watu wa shamba tulidhani hazituhusu. Tuliona bahari ya wenyewe, samaki wa wenyewe, na ugomvi wa wenyewe. Kumbe ukiziba shimo upande mmoja, maji hutokea upande wa pili. Waliokuwa wakivua kwa juya walikatazwa, nyavu zikawa za kufungia kuku, na wanaume ambao hawakuwahi kushika jembe walianza kupanda huku juu wakikumbuka mashamba ya baba zao. Mmoja wao ni Faki, mtoto wa yule mzee wa kofia. Mfa maji haachi kutapatapa, na leo namwelewa kuliko nilivyomwelewa siku zile, alipokuja na suruali yake iliyokauka chumvi, akasimama uani kwetu na kutangaza kwamba shamba ni la marehemu baba yake na analitaka. Babu alipomwonyesha minazi, Faki alisema minazi ile pia baba yake ndiye aliyeipanda, na sisi tulikuwa wa kuipalilia tu. Nani angebisha? Marehemu hasemi, na walioshuhudia wakati ule walikuwa wamemfuata kaburini.

Nyumba ikawa haina usingizi. Mama alianza kuuliza kama Rufiji bado tuna jamaa. Babu alinoa panga mpaka likawa jembamba kama wembe. Mimi nilikwea mnazi wangu nikaapa sishuki. Nilishuka tu kwa ajili ya chakula. Bibi peke yake alikuwa mtulivu. "Weka panga hilo, mwanamume," alimwambia Babu, "utajikata, halafu nikuuguze. Mwambie Faki aje na wazee, Ijumaa, baada ya sala. Wageni hawapigwi. Wageni hulishwa."

Ijumaa ile asubuhi nilimwona akifanya jambo la ajabu. Alibeba mitungi yote ya maji, mmoja baada ya mwingine, akaimwaga kwenye migomba. Nikamuuliza sababu. "Migomba ina kiu," alisema, na usiku mzima mvua ilikuwa imenyesha kama inalipwa. Kisha akawasha moto, akachoma muhogo mkavu mkavu, ule unaokwama kooni kama neno la aibu, na akatoa ng'onda, samaki waliokaushwa kwa chumvi, wakali kiasi kwamba paka wetu alikuwa akiwaona anahama.

Walikuja wanne: Faki na wazee watatu, mkubwa wao Mzee Bakari, aliyekuwa akisikilizwa Baleni nzima. Shikamoo zikatolewa, marahaba zikarudi, mkeka ukatandikwa. Bibi aliwakaribisha kwa maneno matamu na akakataa katakata shauri lizungumzwe kabla ya kula. "Kuleni kwanza, wanangu. Mtu haongei na tumbo tupu." Wakala. Faki, mtu wa pwani, alikuwa hajaiona ng'onda nzuri tangu juya lake lipigwe marufuku, akala kama analipiza kisasi. Jua nalo lilikuwa limetoka baada ya mvua, lile jua la kuchemsha ubongo. Mzee Bakari alikuwa wa kwanza kukohoa. Akaomba maji.

"Aibu yangu leo!" Bibi alisema, mkono kifuani. "Mitungi mikavu. Ngojeni mtoto aende kisimani." Kisima chenyewe kilikuwa ng'ambo ya bonde, na kila mtu pale alijua kilikuwa mbali kiasi gani. Nikaona macho ya Faki yanapanda taratibu, shina zima la mnazi wa jikoni, mpaka juu kwenye madafu yaliyokuwa yamejaa kama watoto kwenye karamu.

Nasi watu wa kisiwani tuna adabu moja isiyotutoka hata tukiwa tumekasirika: mti wa mtu hauanguliwi bila mwenyewe kuombwa. Hata mlevi huomba. Faki alilelewa vizuri, na malezi ndiyo yaliyomponza. Alimeza mate ambayo hakuwa nayo, akasema, "Mama, naomba madafu."

"Ya nani, mwanangu?"

"Si haya hapa juu."

Bibi akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa. "Yangekuwa yangu ningekupa yote. Lakini mnazi huu una mwenyewe. Kitovu chake kiko chini. Tausi! Njoo, mjomba wako ana shida na wewe."

Nilisogea na magoti yangu ya mkwezi, nikasema shikamoo. Faki aliniangalia, akaangalia wazee, akaangalia dafu. Nadhani wakati ule alikwishauona mtego, lakini ng'onda haina huruma. "Marahaba, mwanangu," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Naomba dafu."

Kabla sijafika juu nilisikia kicheko cha Mzee Bakari. "Faki, mwanangu," alisema, "miaka yangu yote sijaona mtu anayeomba kwenye mti wake." Faki alitaka kusimama, akafungua mdomo, na Babu akamdakia kutoka pembeni: "Na bondeni kuna ndugu yangu mwingine wa Rufiji, mnene. Ukija kufukuza, anza na yeye, mimi nitafuata!" Hapo wazee wote walicheka. Niliangusha madafu, wakanywa, na Faki alikunywa mawili akiwa amenipa mgongo. Shauri lilikwisha bila kuzungumzwa.

Bibi hakuliachia hapo. Walipokuwa wakivaa viatu alimfuata Faki, akamwonyesha kwa mkono, kama baba yake alivyofanya: kuanzia pale mpaka pale. "Una watoto. Lima, mwanangu, nani atakukataza? Lakini vya msimu tu. Mti usipande." Faki alilima muhogo pale miaka mingi, akawa jirani mwema, na alipomzika Babu alilia kuliko sisi.

Sasa Babu na Bibi wamelala shambani, upande wa mkwaju, na hakuna aliyewauliza kwao. Mnazi wangu umerefuka umekuwa mwembamba na unazaa kwa kusitasita, kama mzee anayetoa zawadi. Bwawa limepungua, viboko wamebaki wachache, na zipo asubuhi za masika ninapoamka nikanusa nisisikie kitu, nikajikuta ninamkosa adui yetu. Watoto wangu wanapenda soda kuliko dafu. Nilipokuwa nikisoma masomo ya jioni Kilindoni, nikiwa mtu mzima mwenye watoto, nilisikia tena nyuma yangu neno "wakuja", likisemwa na mtu ambaye mwenyewe alishuka na ndege mwezi uliopita. Swali halijafa. Limevaa viatu tu.

Majuzi limekuja na kijana mwenye futi ya kupimia ardhi. Alikuwa na heshima zake, akaamkia, akafungua futi, kisha akauliza akitabasamu, "Mama, kwa asili ninyi hasa ni watu wa wapi?" Nilimwangalia. Jua lilikuwa la mchana na shati lilikuwa limemganda.

"Una kiu?" nikamuuliza.

"Sana, mama."

"Basi omba."

Akaomba. Mwanangu alikwea, kwa maana mwili wangu siku hizi una msimamo wake, akamwangushia dafu moja la mnazi wa jikoni. Nilimngoja anywe mpaka tone la mwisho, ajifute mdomo, ashukuru. Ndipo nikamwambia kwamba jibu la swali lake lipo tayari tumboni mwake.